Mume ametangaza safari ya samaki, mimi nimepangiwa kukaanga

SHANGAZI,

Mimi ni mama wa watoto 3, naishi Bagara, hapa Babati mjini. Mume wangu ni fundi pikipiki. Kabla hatujaoana alifanya kazi Kenya, na tajiri wake alikuwa akimchukua kwenda kuvua samaki wanaoitwa trauti kwenye ziwa la Rutundu, juu ya Mlima Kenya. Miaka yote ya ndoa yetu hadithi ni hiyo.

Mwezi uliopita tumeuza mbaazi, na baada ya madeni tukabaki na shilingi 1,800,000. Jioni ile ile akawakusanya watoto sebuleni na kuwatangazia kwamba baada ya Krismasi tunakwenda Rutundu familia nzima, pamoja na baba mkwe ambaye ana miaka 74 na presha, kwa Noah ya shemeji. Mimi nilisikia nikiwa jikoni.

Nikamwambia pesa hiyo ni ya mbegu na vibarua, na mkubwa wetu anamaliza la saba, Januari atataka godoro, sanduku na sare. Nikamwambia pia kama ni samaki, Ziwa Babati liko hapa hapa. Akasema mimi nimezaliwa kuvunja watu moyo. Nikamuuliza, haya, tukifika huko mimi nitafanya nini? Akacheka: “Si utatukaangia!” Na watoto wakacheka.

Sasa nyumba nzima imeninunia isipokuwa mdogo wa miaka 3. Shemeji naye ametuma fimbo ya kuvulia kutoka Arusha. Kwa hasira nimekichomoa kile kigurudumu cha kukunjia mshipi na kukifukia kwenye pipa la mahindi. Mume anakitafuta wiki ya pili sasa. Je, nina kosa? Na safari hii niizuieje?

Mama Wawili na Kitinda, Bagara

MWANANGU. Kosa unalo, na linakaa kwenye pipa la mahindi. Tutalifikia.

Kwanza niseme ulipoteleza. Kumwambia mtu wa trauti kwamba Ziwa Babati liko mlangoni ni kumtonesha kidonda. Ziwa lenu ni la perege na kambare. Lina kina kifupi, jua linayapasha maji yake, na samaki hao wanayapenda hivyo hivyo. Trauti anataka maji ya baridi yenye hewa nyingi. Umtie Ziwa Babati leo, hatadumu. Hata hiyo milima ya Kenya si kwao kwa asili. Mwaka 1905 walowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan akiwa mstari wa mbele, waliagiza mayai yake kutoka Scotland na kuyapandikiza kwenye mto Gura, katika milima ya Aberdare. Fikiria mayai ya samaki kuvuka bahari yakiwa hai, kisha kupandishwa mlimani, ili watu wachache wapate burudani ya nyumbani kwao. Tangu hapo ameenea kwenye mito na maziwa ya juu, na serikali ya Kenya ina kituo cha kumzalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Mumeo amemwona akiruka kwenye ukungu alfajiri. Perege wa kwenye karai la sokoni hawezi kumpooza.

Halafu Rutundu yenyewe ina sifa zake. Ni hapo, Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate. Sijui kama fundi wetu analijua hilo, ila nakushauri umuulize. Huenda ndani ya kelele zote za mishipi na ndoano kuna mwanamume anayetaka kumwonyesha mkewe mahali alipokuwa kijana, na hajui kulisema bila kuita mkutano wa hadhara.

Na usidhani kuwapeleka watoto kuvua kwenye ziwa lenu na babu yao ni njia ya bure ya kumaliza kesi. Viboko wa Ziwa Babati unawajua kuliko mimi. Jioni wanatoka kula majani ukingoni, na mtoto mwenye ndoano mkononi na macho kwenye maji hajui kilicho nyuma yake. Wanaojua kukaa na viboko ni wavuvi wenye mitumbwi. Wanao bado ni wadogo.

Sasa mumeo. Mpango wake umekaa vibaya kuanzia juu hadi chini, na nianze na juu, maana tatizo ni urefu wa mlima. Babati mko kama mita 1,350 kutoka usawa wa bahari. Rutundu iko juu ya mita 3,000. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi usiku wa kwanza, na hali ikizidi, cha kufanya ni kushuka haraka. Mzee wa miaka 74 mwenye presha asipandishwe huko kabla daktari hajampima na kutamka. Na kitinda mimba wa miaka 3 ataumwa kichwa asiweze kukuambia; atalia tu, nanyi mtadhani ni baridi. Baridi nayo ipo, ya kuganda.

Kisha kuna mpaka wa Namanga. Kila mmoja wenu, hadi huyo wa miaka 3, anahitaji hati ya kusafiria, na Noah ya shemeji inahitaji bima inayokubalika ng’ambo ya mpaka. Huko kuna kiingilio cha hifadhi, kuna leseni ya kuvua, kuna gari la kupandia mlimani, kwa sababu Noah haifiki. Sikutajii bei kwa kuwa hubadilika, lakini mumeo azitafute zote, aziandike kwenye karatasi moja, aongeze mafuta ya kwenda na kurudi, kisha aisome hiyo karatasi mbele yako. Nadhani sauti itapungua.

Pesa ya mbaazi isiguswe. Hapo nasimama nawe bila kupepesa. Mvua za Babati hazingojei mtu arudi Kenya, na Desemba ndiyo mahindi na mbaazi vinaingia ardhini. Anayekula mbegu kwa ajili ya trauti, mwakani ataomba unga kwa jirani. Na wakulima wa Babati hawahitaji kukumbushwa 2017, India ilipobana mlango wa kununua mbaazi na bei ikaporomoka. Pesa iliyopatikana mwaka wenye bei haichezewi.

Lakini sikuambii uiue safari. Nakuambia uihamishe.

Trauti hata Tanzania yuko. Huko Mufindi, mkoani Iringa, alipandikizwa tangu enzi za walowezi kwenye mabwawa ya milimani, katikati ya mashamba ya chai. Mwinuko wa huko ni kama mita 1,900. Babu anaweza kuketi ukingoni na koti lake na blanketi akapumua vizuri, japo kwa daktari aende kwanza vile vile. Hakuna mpaka wa kuvuka. Kutoka kwenu hadi Dodoma ni kilomita 251 za lami, barabara iliyofunguliwa 2018, mpite Kondoa. Kisha Iringa, mlale hapo, asubuhi Mafinga na kupanda kwenye chai. Ni mbali, sikudanganyi, tena ni mbali kuliko Nyeri. Ila ni nchini kwenu, na mtoto akiumwa mnajua pa kukimbilia. Mabwawa yale yana wenyewe, kwa hiyo mumeo apige simu mapema aombe ruhusa na aulize kama samaki wamo kwa sasa. Asiwabebe watoto siku mbili kwenda kutazama maji matupu.

Na msiende Desemba. Nyanda za Juu Kusini Desemba ni mvua na utelezi. Nendeni Juni, shule zikifungwa: mvua imekatika, baridi ni kali na trauti anaipenda. Kuna miezi ya kutosha hapo katikati kwa fundi pikipiki kutumbukiza kitu kwenye kibubu kila Jumamosi, pesa ya spana zake mwenyewe. Safari aliyoilipia kwa jasho la gereji hutamnyima, na yeye hataipigia kelele sebuleni kwa pesa ya shamba mlilolima wote.

Nimeliacha mwisho lile lililonikera. “Si utatukaangia.” Barua yako ndefu, mwanangu, lakini naona ungekubali hata hiyo baridi ya Rutundu kama jibu lingekuwa jingine. Mtu anasafirishwa mamia ya kilomita akabadilishe jiko! Mwambie mumeo wazi, mkiwa wawili, watoto wamelala, bila kutaja godoro wala mbegu siku hiyo: fimbo zitakuwa mbili na moja ni yako. Atakayevua ndiye atakayepara na kukaanga. Kama hilo ni gumu kwake, basi aende yeye na shemeji, wavue, warudi na hadithi. Isiitwe safari ya familia.

Mkikubaliana, atakayewaambia watoto kwamba tarehe na mahali vimebadilika ni yeye. Aliwatangazia peke yake, na awabadilishie peke yake. Usikubali kutumwa. Ukishapeleka habari hiyo wewe, kwa watoto utabaki kuwa uliyeifuta Rutundu hadi waoe na kuolewa.

Kuanzia sasa hadi Juni kuna kazi ya kufanya uani. Kurusha mshipi hujifunzwa kwenye majani makavu, ndoano imetolewa na badala yake kumefungwa kipande cha kitambaa. Yule wa la saba, kabla hajaenda shule Januari, na anayemfuata wajifunze kila Jumapili jioni, nawe ujifunze, na babu awe mwamuzi kwenye kiti chake. Watakuwa wamemaliza kununa kabla ya mwezi kuisha, maana mtoto huridhika akiwa na kitu cha kufanya.

Ila mshipi haurushwi bila kile kigurudumu. Kitoe kwenye pipa leo, kipanguse unga na vumbi, umkabidhi mkononi na umwambie ni wewe uliyekificha, na kwa nini. Usikirudishe kimyakimya kwenye begi. Ameshakitafuta wiki mbili, na mtu akitafuta sana huanza kumshuku mtoto.