Kwa nini kipimo cha panya hakifai kwa ng'ombe

Mfugaji mmoja alituuliza: yale masanduku ya vipimo ambayo watafiti wanatumia kwa panya wa labo, tunaweza kuyatumia kwa ng'ombe wetu wenye kukohoa? Hapana. Tueleze juu ya nini.

Mwili ukikutana na ugonjwa, chembe nyeupe za damu zinatumiana ujumbe. Ujumbe huo ni protini. Moja inaitwa interferoni gama, na ndiyo inasaidia kuvumbua kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa unaoweza kumwingia mtu kwa maziwa mabichi. Ng'ombe anaweza kuwa nao bila kukohoa, hata akiwa amenona, basi maziwa yachemshwe kila siku.

Kazi inafanyika hivi. Muganga wa mifugo anavuta damu katika chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kule labo wanaigawa mafungu matatu: moja linatiwa tuberkulini ya ng'ombe, lingine tuberkulini ya ndege, la tatu halitiwi kitu. Damu inalala usiku mzima katika joto kama la mwili. Kama ng'ombe alikwisha kuambukizwa, chembe zake zinakumbuka na kutoa ujumbe mwingi. Lile fungu la ndege linakinga tusidanganywe na vijidudu jamaa, sawa vile vya kuku.

Kiisha wanatia majimaji ya damu hiyo katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Ndani ya kila kishimo kumebandikwa kingamwili inayoshika protini ile moja tu, kama kufuli na ufunguo wake. Wanaosha, wanaongeza kingamwili ya pili, wanaosha tena, kiisha wanatia dawa ya rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi. Sasa, interferoni ya panya si sawa na ya ng'ombe. Kwa sanduku la panya rangi haitatokea hata ng'ombe akiwa mgonjwa, na mfugaji atafurahi bure.

Jambo moja watu wanakosea: sanduku la vipimo linatunzwa kwa baridi, digri 2 mpaka 8, lakini damu isitiwe kwenye barafu, wala isiachwe juani. Chembe lazima zifike hai, siku ile ile. Kama labo iko mbali, sisi tunaona afazali kipimo cha ngozi: muganga anachoma tuberkulini shingoni, na baada ya saa 72 anarudi kupima uvimbe. Mbele ya siku hiyo ng'ombe asiuzwe wala asihamishwe.