Gitaa Linalongoja: Nilivyojifunza Kusikiliza Fidla ya Ireland

Semesta iliyopita, kwenye kozi yetu ya usikilizaji wa muziki, kila mmoja alipangiwa albamu moja kutoka nchi ambayo muziki wake haujui, aisikilize na kuiandikia kurasa mbili. Mimi nikaangukia Ireland. Albamu yenyewe inaitwa Live in Seattle, ya Martin Hayes kwenye fidla na Dennis Cahill kwenye gitaa, iliyotoka mwaka 1999. Kwa wenyewe ni ya zamani, lakini kwa masikio yangu ilikuwa mpya kabisa. Usiku mmoja bwenini nikavaa hedifoni, nikaisikiliza mara moja huku nikipiga pasi, kisha nikaandika. Nilisema mambo mawili: kwamba fidla inarudia wimbo uleule mpaka inachosha, na kwamba mpiga gitaa ni mvivu, hapigi kitu cha maana.

Nikapata 8 kati ya 20. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu aliandika swali moja tu: "Umesikiliza mara ngapi?"

Swali liliniuma kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Akanipa wiki moja nirudie kazi. Makala haya yametokana na wiki hiyo. Nimeyapanga kama somo ili hata wewe msomaji mwenzangu unayesoma uhandisi au sheria uweze kuyafuata. Unachohitaji ni simu, bando la kawaida na subira.

1. Jua tuni inaanzia wapi na inaishia wapi

Tuni nyingi katika muziki huu ni za kuchezea dansi, na mcheza dansi anataka kujua yuko wapi. Ndiyo maana muundo wake ni wa kudumu. Tuni ya kawaida ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina vipimo 8 na hupigwa mara mbili. Sehemu ya pili nayo ina vipimo 8 na hupigwa mara mbili. Jumla vipimo 32, mzunguko umetimia. Wapigaji wanarudi mwanzo, wanazunguka mara mbili tatu, halafu bila kusimama wanaingia kwenye tuni nyingine.

Kwa hiyo niliposema wanarudia, nilikuwa sahihi nusu. Sehemu zinarudiwa kwa makusudi. Nusu ya pili ndiyo iliyonitia aibu: tuni zenyewe zilikuwa zinabadilika na mimi sina habari. Kwenye albamu hii kuna kipande kimoja cha karibu dakika 28 kilichounganisha tuni zipatazo kumi. Mimi nilikiandika kwenye karatasi yangu kama wimbo mmoja mrefu!

Jambo la pili la kujua ni aina ya tuni. Mbili zinatawala: jigi na rili. Usihangaike na nadharia, tumia mdomo. Sema "kitabu-kitabu, kitabu-kitabu" kwa haraka, ukikandamiza silabi ya kwanza kila mara. Hizo tatu-tatu ndizo jigi. Sasa sema "wanafunzi-wanafunzi" kwa namna ileile. Hizo nne-nne ndizo rili. Ukiweza kusema "kitabu" juu ya muziki bila kugongana nao, uko kwenye jigi. Neno likianza kukataa, jaribu "wanafunzi".

2. Sikiliza fidla inabadilisha nini

Fidla ya Ireland ni chombo kilekile unachokiona kwenye taarabu ya Unguja: nyuzi nne na upinde. Tofauti iko mkononi. Mpiga fidla wa Ireland anapofika kwenye sauti anayotaka kuipa uzito, mara nyingi haongezi nguvu. Anaipamba. Kidole kinagusa uzi na kuondoka haraka, sauti ya juu inapita kama cheche, kisha tuni inaendelea. Mahali pengine anaizungushia sauti moja nyingine za juu na chini yake kwa kasi, na tunachosikia ni kama sauti imejikunja na kujikunjua.

Mapambo hayo hayaandikwi kwenye tuni. Kila mpigaji anaamua mwenyewe, na kila mzunguko anaamua upya. Hapo ndipo palipo na siri ya kurudia: kwa kuwa tuni imesimama palepale, masikio yanapata nafasi ya kuona kilichosogea. Mara ya kwanza sauti ilipambwa, mara ya pili imevutwa tu, mara ya tatu imerukwa kabisa.

Hayes alizaliwa mwaka 1962 na kukulia Maghera, karibu na kijiji cha Feakle, mashariki ya wilaya ya Clare. Baba yake, P. Joe Hayes, alikuwa mpiga fidla na kiongozi wa Tulla Céilí Band, bendi ya dansi iliyoanza mwaka 1946. Upigaji wa upande huo wa Clare unajulikana kwa utulivu. Wakati wapigaji wengi wanakimbizana na kasi, wa huku wanaipa tuni muda wa kupumua. Kile kipande cha dakika 28 kinaanza na Port na bPúcaí, tuni ya taratibu isiyo ya dansi, kutoka Visiwa vya Blasket, pwani ya magharibi ya Ireland. Simulizi za huko zinasema ilisikika ikitoka baharini usiku, wakasema ni viumbe wasioonekana. Wapo wanaodhani leo kwamba wavuvi walisikia nyangumi. Kutoka kwenye tuni hiyo mwendo unapanda kidogo kidogo, na unapofika kwenye rili za mwisho hukumbuki ni wapi ulianza kutikisa mguu.

3. Gitaa: kile nilichokiita uvivu

Hapa ndipo kosa langu lilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa muda mrefu tuni hizi hazikuwa na gitaa wala chombo kingine cha kuzisindikiza. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyepanda mpaka kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha mwaka 1903 kitabu chenye tuni 1,850. Ndani yake kuna mstari wa tuni tu, hakuna kingine chini yake. Miaka ya 1920 mpiga fidla Michael Coleman, mhamiaji kutoka Sligo, alirekodi santuri New York, na kwenye nyingi akasindikizwa na piano. Baadhi ya wapiga piano wa zama hizo walikuwa hawazijui tuni vizuri. Fidla inaenda kulia, piano inaenda kushoto, na santuri ikishatoka ndiyo imetoka, hakuna kufuta. Gitaa lilikuja kupata heshima yake miaka ya 1970, hasa kupitia watu kama Mícheál Ó Domhnaill wa The Bothy Band, ambaye mwaka 1979 alitoa albamu Promenade pamoja na mpiga fidla Kevin Burke.

Sasa tatizo lenyewe ni lipi? Ni kodi, na sizungumzii ile ya TRA. Kodi ni sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja. Kama umewahi kuimba kwaya utanielewa mara moja. Imba do-mi-so: inasikika imechangamka. Imba la-do-mi: inasikika ina huzuni. Kinachoamua ni sauti ya katikati. Ukiiondoa, ukabaki na do na so tu, masikio hayajui bado kama ni furaha au huzuni.

Tuni nyingi za Ireland zinaishi hapohapo katikati. Zinaelea, hazijasema zinaegemea wapi. Mpiga gitaa akiingia na kodi kamili kwenye kila pigo, ameshaiamulia tuni. Inawezekana kabisa akapendeza, lakini kuna kitu amekifunga, na mpiga fidla hawezi tena kukifungua.

Cahill alilijua hilo. Alizaliwa Chicago mwaka 1954, wazazi wake wakitokea Kerry, na kabla ya hapo yeye na Hayes walikuwa pamoja Chicago kwenye bendi ya vyombo vya umeme. Alikuwa anajua kujaza nafasi akitaka. Kwenye albamu hii aliamua kutojaza. Mwanzoni mwa tuni anaweka sauti moja, mbili, anangoja. Fidla ikirudia sehemu, anaongeza kidogo. Anapofika kupiga mdundo wenyewe, tuni imekwisha sema inakotaka kwenda na yeye anaifuata. Ule ukimya niliouandika kama uvivu ulikuwa ni mtu anayesikiliza kabla ya kujibu. Cahill alifariki mwaka 2022, na albamu hii ni sehemu ya kazi yake na Hayes iliyobaki.

Nilipolielewa hili nilisimamisha muziki nikakaa kimya. Yeye amepiga tuni hizi miaka na miaka na bado anangoja asikie. Mimi nilisikia mara moja, nikipiga pasi, na nikatoa hukumu kurasa mbili.

4. Zoezi

Chagua kipande kimoja cha fidla na gitaa, cha dakika tano tu. Weka pembeni kazi nyingine zote.

Mara ya kwanza, hesabu vipimo mpaka 32 na uone kama umerudi mwanzo. Ukipotea, anza tena.

Mara ya pili, shika sauti moja tu kwenye sehemu ya kwanza, ile inayokuvutia. Kila inaporudi, andika imefanywa nini.

Mara ya tatu, isahau fidla. Fuata gitaa peke yake, na kila linaponyamaza weka alama kwenye karatasi.

Mara ya nne, usifanye chochote. Sikiliza.

Siku niliyokuwa namalizia kazi ya marudio, mwenzangu wa chumbani aliingia nikiwa nimetoa hedifoni na kuweka spika. Akasimama mlangoni, akasema, "Kaka, hawa jamaa wana wimbo mmoja tu?" Sikubishana naye. Nikamwambia, kaa hapo kitandani, tuhesabu. Tukafika 32, tukarudi, tukafika tena. Mzunguko wa tatu alikuwa anahesabu kwa sauti, na kwenye kipimo cha kwanza cha mzunguko uliofuata akaniangalia ghafla: "Hii siyo ile. Wamebadilisha!"

Akaomba nirudishe nyuma, asikie tena wamepitia wapi.