Nimeitupa sado mbovu, mbona bado nanuna?

Nauza maharage sokoni hapa Mbeya. Kama wenzangu wengi, nilikuwa napimia sado iliyochomwa chini hadi kitako kikabonyea ndani; mteja anaona imejaa mpaka kilele, kumbe ameibiwa. Mwaka jana niliokoka, nikaitupa. Jirani yangu wa meza bado anapimia ya kwake kwa bei ileile, na faida anaiona. Mimi gunia linaisha mtaji haujarudi. Mume wangu anauliza huu ni wokovu gani wa kutuletea njaa. Kurudi nyuma siwezi, namwogopa Mungu, lakini kila nikipima moyo unanuna. Jumapili nasimama kwaya nikitabasamu. Mchungaji alihubiri kwamba utii usio na furaha si utii. Je, najisumbua bure? Niache kwaya?
Muuza maharage, Mbeya

Mwanangu, hujisumbui bure hata kidogo. Mama lishe aliyenunua kwako leo asubuhi amefika jikoni na maharage yake yote, na kununa kwako hakujapunguza punje. Yesu alisimulia habari za wana wawili walioagizwa shambani: mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda, mwingine aliitikia vizuri na shambani hakukanyaga. Aliyefanya mapenzi ya baba ni yule aliyekwenda (Mathayo 21).

Mchungaji wako ana hoja, ila nadhani ameikaza mno. Yona alihubiri Ninawi, mji ukatubu, naye akaketi nje amekasirika hadi kutamani kufa. Mungu hakuyafuta mahubiri yake. Alimfuata kwenye hasira yake akamuuliza maswali, nami nakuuliza wewe: unanuna kwa sababu gani hasa?

Kama ni maumivu ya hasara, hayo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane alihuzunika sana, akaomba kikombe kimwepuke, na bado akatii. Mlilie Mungu kuhusu mtaji wako bila kupamba maneno. Lakini barua yako ina jambo jingine, nalo liko pale unapomtaja jirani. Naona siku ulipoitupa ile sado uliweka na Mungu mapatano ambayo hukuyatamka: mimi naacha kuiba, wewe niletee wateja. Wateja hawakuja, na sasa kila sado unayoijaza unaiandika kama deni ambalo Mungu hajalipa. Utii wa kudaiana hivyo lazima uchoshe.

Fungua Luka 19. Tukimtaja Zakayo tunakimbilia nusu ya mali aliyowapa maskini na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Tazama kilichotangulia. Yesu alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, akasema atashinda nyumbani kwake, na yule mtoza ushuru akashuka upesi akampokea kwa furaha. Alikuwa hajarudisha hata senti. Furaha yake ilitokana na mgeni aliyeingia nyumbani, na mali ikafunguka baadaye. Nawe Kristo alikupokea sado ile ikiwa bado mezani kwako. Kabla hujafungua gunia asubuhi, mshukuru kwa hilo kwanza, ndipo uombe wateja.

Sasa pesa, maana watoto wanakula kila siku. Mungu amekataza kipimo cha uongo (Walawi 19), na Sheria ya Vipimo nayo inakataza. Kupandisha bei hakujakatazwa na yeyote. Unauza sado kamili kwa bei ya sado pungufu, na hapo ndipo mtaji unapovujia, usimsingizie Mungu. Tafuta mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mimina sado yako ya kweli uone ni kilo ngapi, piga hesabu ya gunia, usafiri na ushuru wa soko, kisha uza kwa kilo mteja akitazama. Wengine watakwenda kwa jirani. Mama lishe na wenye hoteli watalinganisha, kwa sababu wao huona tofauti kwenye sufuria. Daftari la hesabu hiyo mwonyeshe mume wako. Simwoni kama adui wa imani yako. Ni baba anayeogopa ada, na hadi sasa hujampa mpango wowote.

Lipo lililo gumu zaidi. Wapo wateja wa miaka mingi uliowapunja, na bado wanakuita dada. Umeacha kuwaibia, lakini hujawaambia. Chagua mmoja, yule unayeona aibu zaidi kumtazama usoni, mwite pembeni, mwambie ukweli, kisha mwongezee. Anaweza kukufokea, vumilia. Nimezungumza na waumini wengi waliotii huku wamekunja uso, na mara nyingi nimekuta kuna jambo la zamani walilolifunika. Zakayo alisema hadharani.

Kwaya usiache. Zaburi nyingi zinaanza kwa malalamiko na ziliimbwa hivyohivyo mbele za Mungu. Acha tu tabasamu la kulazimisha, na umtafute mama mmoja wa kwaya unayemwamini umweleze hali ilivyo, muombe pamoja. Ukishaongea na yule mteja, niandikie tena unieleze alisema nini.