Nyumba ya Utotoni ya Mshairi: Namna ya Kuitumia Ziara Katika Kufundisha Ushairi

Utangulizi

Ushairi ni miongoni mwa mafunzo ambayo wanafunzi wengi wa shule za msingi huyaogopa kabla ya kuyaonja. Sababu moja ni kwamba shairi huletwa darasani kana kwamba limejitunga lenyewe: halina nyumba, halina mama, halina mto wala mti. Mtoto huambiwa ahesabu mizani na ataje vina, naye hufanya hivyo, lakini hatambui kwamba aliyelitunga aliwahi kuwa mtoto kama yeye. Mtoto asiyelitambua jambo hilo hawezi kuamini kwamba naye ana neno la kutungia shairi.

Njia mojawapo ya kuliondoa tatizo hili ni kumpeleka mwanafunzi mahali mshairi alipokulia. Katika makala hii tutaichunguza nyumba moja ya Uingereza, yaani nyumba ya utotoni ya William Wordsworth. Hatuichagui kwa kutarajia kwamba wanafunzi wetu watafika huko. Tunaichagua kwa sababu uhusiano baina ya mahali na mashairi unaonekana pale waziwazi, na kwa hiyo mwalimu anaweza kujifunza hapo kanuni za ziara njema. Baadaye tutaeleza namna ya kuzitumia kanuni hizo katika shule zetu.

Nyumba na bustani yake

Wordsworth alizaliwa tarehe 7 Aprili 1770 katika mji mdogo wa Cockermouth, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Walikuwa ndugu watano: Richard, William, Dorothy, John na Christopher. Baba yao, John Wordsworth, alikuwa mwanasheria na msimamizi wa shughuli za tajiri mwenye ardhi nyingi, Sir James Lowther. Nyumba waliyokaa ilikuwa kubwa na nzuri, lakini haikuwa mali yao. Ilikuwa ya tajiri huyo, na familia iliishi humo kwa sababu ya kazi ya baba. Mwalimu aikumbuke habari hii, kwani ina uzito katika yale yatakayofuata.

Mbele ya nyumba ipo barabara kuu ya mji. Nyuma yake ipo bustani, na mwisho wa bustani upo ukingo ulioinuliwa, wenye njia ya kutembelea. Chini ya ukingo huo hupita mto Derwent. Mtoto aliyesimama pale aliweza kuusikia mto usiku na mchana, na hatua chache kutoka hapo zilikuwapo kuta za ngome ya kale iliyokuwa imekwisha kuwa magofu. Hayo ndiyo mambo yaliyoingia katika mashairi: sauti ya maji iliyochanganyika na nyimbo za yaya, kuoga mtoni siku nzima ya kiangazi, kumfukuza kipepeo bustanini, na kiota cha shomoro kilichofichwa katika ua wa vichaka na mawaridi.

Katika shairi lake juu ya kiota hicho, mshairi hasemi mengi kuhusu ndege. Husema zaidi juu ya Dorothy, dada yake mdogo, aliyetamani kukikaribia kiota na papo hapo akaogopa kukidhuru. Kadhalika, katika shairi la kipepeo, William ndiye mwindaji anayerukaruka, na Dorothy ndiye anayechelea kuupangusa unga wa mabawa ya mdudu yule. Basi kitu kilikuwa kidogo, bali namna ya kukitazama ndiyo iliyozaa shairi. Kuna fundisho kubwa hapa kwa mwalimu: tusimtake mtoto atafute jambo kubwa la kuandika, tumzoeze kukitazama kwa makini kilichopo karibu yake.

Bustani iliyopotea

Mwezi Machi 1778 mama yao alifariki dunia. William alikuwa hajatimiza miaka minane, na Dorothy alikuwa na miaka sita. Dorothy alipelekwa Halifax kulelewa na jamaa ya mama, na mwaka uliofuata William akaenda shule ya Hawkshead. Ndugu hao wawili waliopendana sana hawakuonana tena mpaka mwaka 1787. Tarehe 30 Desemba 1783 baba naye akafariki. Kwa kuwa nyumba haikuwa yao, watoto walipoteza nyumba na bustani pamoja na wazazi. Fedha nyingi ambazo Lowther alikuwa akidaiwa na baba yao hazikulipwa mpaka tajiri huyo alipokufa mwaka 1802.

Katika majira ya baridi ya 1798 hadi 1799, William na Dorothy walikuwa wakikaa Goslar, mji wa Ujerumani, mbali na kwao. Huko ndiko alikoanza kuandika vipande vya utungo wake mrefu, The Prelude, uliochapishwa mwaka 1850 baada ya kifo chake. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyaandika ilikuwa ile sauti ya mto uliopita nyuma ya nyumba ya baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mto alioushika masikioni mwake alikuwa amekwisha kutengana nao kwa muda wa miaka ishirini hivi.

Tunasisitiza habari hizi kwa sababu walimu wengi huwaficha wanafunzi huzuni, wakidhani kwamba somo la ushairi linapaswa kuwa la furaha tupu. Lakini katika kila darasa wamo watoto waliofiwa na wazazi, na wamo waliohamishwa kutoka nyumba ya baba kwenda kulelewa na shangazi au bibi. Mtoto wa namna hiyo akisikia kwamba mtungaji maarufu alipatwa na jambo lile lile, na kwamba kilichopotea kilihifadhiwa kwa maneno, hupata kitu ambacho orodha ya vina haiwezi kumpa. Ni lazima, hata hivyo, mwalimu asimwite mtoto huyo mbele ya wenzake ili asimulie msiba wake. Amwachie nafasi ya kuandika. Akitaka kusema atasema mwenyewe.

Mafunzo tunayoyapata katika nyumba hii

Katika miaka ya 1930 nyumba hii ilikaribia kubomolewa ili mahali pake pajengwe kituo cha mabasi. Watu wa mji walichanga fedha, wakainunua, na ikakabidhiwa shirika la hifadhi liitwalo National Trust. Baadaye ilipangwa ifanane na nyumba ya miaka ya 1770. Katika mpango huo yapo mambo matatu yafaayo kuigwa.

Kwanza, nyumba imepangwa kuwa ya watoto. Vitu vingi vilivyomo havikuwa vya familia ya Wordsworth. Vimetafutwa au kutengenezwa kwa mfano wa vile vya zama zile, na kwa hiyo mtoto aweza kuvishika. Aweza hata kuandika kwa kalamu ya unyoya na wino. Zana ya kufundishia si lazima iwe ya asili. Lazima ni kwamba imfikishe mwanafunzi kwenye jambo linalofundishwa. Bali mwalimu awe mkweli, aseme wazi kipi ni cha kale na kipi ni mfano tu.

Pili, bustani imepewa uzito sawa na nyumba. Imepandwa mboga, maua na miti ya matunda ya namna iliyojulikana katika karne ya 18. Mgeni hujifunza kwa pua na kwa ngozi, si kwa macho peke yake.

Tatu, mahali hapa hapasemi kwamba maumbile ni mapole daima. Mwezi Novemba 2009, mvua ya milimita 316.4 ilinyesha kwa saa 24 katika kituo cha Seathwaite, kwenye milima yanakoanzia maji ya Derwent. Mto ulifurika, ukaingia mjini Cockermouth na kuiharibu bustani hiyo. Ikabidi itengenezwe upya. Mafuriko yalirudi Desemba 2015. Mto uliombembeleza mtoto ndio uliobomoa kuta za bustani yake. Wanafunzi wetu wanaoishi kando ya mito wataifahamu habari hii bila maelezo marefu, na itawafaa kwa mjadala.

Kuitumia mbinu hii katika shule zetu

Shule zilizo jirani na Tanga zina bahati ya pekee. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Yeye mwenyewe ameeleza habari zake katika Maisha Yangu, na aliwatungia wanawe mashairi ya mawaidha: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi huko awaombe kwanza ruhusa wazee wa mahali na jamaa wahusika, na awafundishe wanafunzi adabu ya kufika makaburini.

Shule zilizo mbali zisikate tamaa. Katika vijiji vingi yupo mzee au bibi anayetunga mashairi, nyimbo za ngoma au tenzi. Nyumbani kwake patatosha. Penye mwembe, kisima na ua, pana bustani ya mshairi.

Mfano wa andalio la somo

Darasa: la sita. Vipindi: vitatu vya dakika 40, pamoja na ziara.

Madhumuni: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kutaja jambo moja aliloliona au kulisikia, na kulitungia ubeti mmoja.

Kipindi cha kwanza (matayarisho): Mwalimu ahadithie kwa Kiswahili chepesi habari za William na Dorothy. Achore ubaoni nyumba, bustani na mto. Wanafunzi waulizwe: Mtoto huyu alisikia nini kabla hajalala? Nyuma ya nyumba yenu wewe husikia nini?

Ziara: Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kipewe kazi moja tu: sauti, harufu, miti na mimea, au kazi za mikono. Kabla ya kuuliza lolote, wote wakae kimya kwa dakika tano. Kisha mwenyeji asimulie utoto wake, na mwalimu asimkatize.

Kipindi cha pili: Vikundi vitoe taarifa. Mwalimu aandike ubaoni maneno yaliyo mazuri, hasa yale ya mahali pale ambayo vitabu havinayo.

Kipindi cha tatu: Kila mwanafunzi atunge ubeti wake. Hapa ndipo vina na mizani vifundishwe, kwa kuwa sasa mtoto ana jambo la kuvifungia.

Tathmini

Swali la kupimia ziara lisiwe, “Mshairi alizaliwa mwaka gani?” Jibu la swali hilo lingepatikana bila kutoka darasani. Liwe, “Ni kitu gani ulichokiona pale ambacho usingekijua kwa kusoma?” Mwanafunzi asiyeweza kulijibu alisafiri bure, na kosa si lake. Huenda mwalimu alizungumza mno, au aliwapa wanafunzi kazi nyingi za kunakili hata wakakosa nafasi ya kutazama.

Hitimisho

Nyumba ya mshairi isitumiwe kuwaonyesha watoto jinsi mtu alivyokuwa mkubwa. Itumiwe kuwaonyesha jinsi alivyokuwa mdogo, naye akatazama vema. Mwalimu anayelishika jambo hilo hatahitaji nyumba yenye sifa. Atawatoa wanafunzi nje, nyuma ya darasa, na kuwaambia wasikilize.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Chagua mahali pamoja karibu na chuo panapofaa kwa ziara ya ushairi. Eleza matayarisho yake.

2. Je, ni halali kutumia vitu vya mfano mahali pa vitu vya asili? Toa sababu.

3. Mwanafunzi ameandika ubeti kuhusu kifo cha mama yake. Utausahihishaje?