Hakikisha Kipimo cha Joto la Maji ya Jakuzi Nyumbani

Wakazi wenye jakuzi nyumbani wanashauriwa wasitegemee tu nambari inayoonyeshwa na mtambo. Nambari hiyo hutoka kwenye kihisi, na ikiwa na kasoro, maji yanaweza kuwa moto kuliko inavyosema. Maji yasizidi nyuzijoto 40. Yakizidi, mtu anaweza kupata kizunguzungu na kuzimia akiwa majini.

1. Kagua kipimajoto chako. Jaza gilasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, ukoroge. Baada ya dakika chache kisome 0. Usikikague kwa maji yanayochemka: katika nyanda za juu kama Nakuru, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100.

2. Washa pampu kwa dakika 10 ili maji yachanganyike.

3. Tumbukiza kipimajoto mbali na tundu linaloingiza maji moto. Pima sehemu mbili tofauti.

4. Linganisha na nambari ya mtambo. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1, fuata kipimajoto ulichokikagua, na umwite fundi.

Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wamwone daktari kabla ya kutumia jakuzi. Watoto wadogo wasiingie.