Silinda Kwenye Mteremko: Namna ya Kulishika Swali la Fizikia

Mwanachuo mwenzangu, tuseme ukweli. Asaimenti ya fizikia ikitoka Jumatatu, kufika Jumatano majibu yameshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Watu wanadesa, wanakusanya, wanapata alama zao. Kasheshe inakuja kwenye UE: mhadhiri anabadilisha neno moja tu kwenye swali, na desa halisaidii tena. Hapo ndipo sapu zinapozaliwa.

Hebu tuchukue swali moja la mwaka wa kwanza, tulifanye polepole.

Swali: Silinda ya chuma, isiyo na uwazi ndani, imetulia juu ya mteremko wenye kimo cha mita 1.2. Inaachiwa, inaviringika bila kuteleza. Itafika chini kwa kasi gani? (g = 9.8 m/s²)

Hatua ya 1: Chora. Weka kimo h, tungamo M na nusu kipenyo R. Utagundua hujapewa M wala R. Wengi wanaishia hapo, wanasema swali limekosewa. Tulia. Tembea na herufi, namba zije mwishoni.

Hatua ya 2: Jiulize ni kitu gani hakipotei. Msuguano upo, tena lazima uwepo. Bila huo silinda ingeteleza tu kama sabuni, isizunguke. Sasa je, unakula nishati? Hapana. Silinda inapoviringika bila kuteleza, ile nukta inayogusa mteremko inakuwa imesimama kwa wakati huo wa kugusa. Kani inayoshika nukta iliyosimama haifanyi kazi. Kwa hiyo nishati tuli yote inageuka kuwa nishati mwendo. Aya hii ndiyo swali zima. Kilichobaki ni hesabu.

Hatua ya 3: Andika. Silinda inafanya mambo mawili kwa pamoja, inasonga mbele na inazunguka:

Mgh = ½Mv² + ½Iω²

Kwa silinda iliyojaa, momenti ya inesha ni I = ½MR². Kwa kuwa haitelezi, ω = v/R. Ukiingiza, sehemu ya kuzunguka inakuwa ¼Mv², na jumla ni ¾Mv². R imejikata yenyewe, na M inakatika pande zote mbili:

v = √(4gh/3) = √15.68 = 3.96 m/s

Hatua ya 4: Kagua kabla hujafunga daftari. Vizio: gh ni m²/s², kipeuo chake cha pili ni m/s. Sawa. Mantiki: kitu kinachoteleza bila msuguano kingefika kwa √(2gh), yaani 4.85 m/s. Yetu ni ndogo, na lazima iwe ndogo, maana theluthi moja ya nishati imekwenda kwenye kuzunguka. Ukiona umepata 4.85, umesahau kuzunguka.

Sasa tumuwahi mhadhiri, tubadilishe swali wenyewe. Andika I = kMR², kisha rudia hatua zilezile. Unapata:

v = √(2gh/(1 + k))

Tufe lililojaa lina k = 2/5, linafika kwa 4.10 m/s. Ringi ya baiskeli, ambayo karibu uzito wake wote uko pembeni, ina k inayokaribia 1, inafika kwa 3.43 m/s hivi. Ringi ndiyo inaburuza mkia, iwe kubwa au ndogo, nzito au nyepesi. Swali moja limekuwa maswali kumi, na hakuna la kukariri.

Ushauri: kabla ya kwenda diskasheni, kaa na swali peke yako walau nusu saa, hata ukiishia kwenye mchoro tu. Ukifika utajua unauliza nini. Na ukiletewa jibu, uliza "kwa nini umeanzia hapo?", usiulize "umepata ngapi?"

La kufanya mwenyewe: makopo mawili yanayofanana, yenye uzito sawa, moja limejaa maji, jingine limejaa kitu kilichoganda. Lipi litatangulia chini? Kumbuka kopo likizunguka, maji ya ndani hayalazimiki kuzunguka nalo. Mweleze jibu lako rafiki anayesoma sheria, bila kuandika hata herufi moja. Akikuelewa, hilo swali ni lako.