Wahunzi, Mbung'o na Malale: Makazi ya Kale ya Usinge na Homa ya Leo

Mganga anayempokea mgonjwa wa homa katika zahanati za Usinge, wilayani Kaliua, humpima malaria kwanza, na ni haki yake. Lakini Usinge, iliyo kwenye reli ya Tabora na Kigoma, karibu na njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji, imezungukwa na miombo, na miombo ni makao ya mbung'o. Historia ya makazi ya eneo hili, na ya wahunzi wake, hueleza kwa nini malale hayapaswi kusahaulika.

Burton alipowasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, jembe la chuma lilikuwa mali katika Unyamwezi: lililimia, lilibadilishwa kwa bidhaa, lililipiwa mahari. Warongo, wahunzi mashuhuri wa kusini mwa Ziwa Nyanza, waliyeyusha mtapo katika tanuri za udongo kwa kuvukuta mivukuto saa nyingi. Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake, kujitenga na wake kukiwa mojawapo. Mavi ya chuma yaliyoachwa kando ya tanuri ndiyo yanayowaonyesha wataalamu wa mambo ya kale mahali palipofanyiwa kazi.

Tanuri lilikula makaa, na makaa yalitoka msituni. Jembe nalo lilipanua shamba. Mbung'o wa miombo huhitaji kivuli cha miti na damu ya wanyama pori. Penye mashamba mapana na watu wengi hukosa vyote viwili. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alishikilia kwamba wakulima wa kale waliidhibiti nyika kwa namna hii. Wengine wamemwona ametia chumvi, na pengine ni kweli: njaa na vita havikuanza na Wazungu. Hata hivyo hoja ya msingi ina uzito.

Utawala wa Kijerumani ulipandisha bendera yake Tabora mwaka 1890. Miaka hiyo sotoka iliua ng'ombe wengi, na kodi ya nyumba ikaanza kutozwa mwaka 1898. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliuzwa kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kuishindana, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ikayaleta kwa wingi. Huko Uingereza chini ya Warumi mambo yalikuwa tofauti: wenyeji wengi waliendelea kukaa katika nyumba zao za msonge, na ufuaji wa chuma ukapanuka. Katika Unyamwezi tanuri zilizimika. Vita Kuu iliwachukua wanaume kubeba mizigo. Wabelgiji waliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka, wanyama wakarudi, na mbung'o wakawafuata.

Katika miaka ya 1920 malale yalizuka magharibi mwa Tanganyika. Serikali ya Kiingereza, chini ya uongozi wa kitabibu wa Dkt. George Maclean, iliwahamisha watu waliotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Maambukizi yalipungua humo. Lakini familia ziliacha makaburi ya wazee, mizinga ya nyuki na mashamba yao, na hazikuulizwa.

Anayeambukizwa leo mara nyingi ni yule anayeingia msituni: mrina asali, mchoma makaa, mpasua mbao, mvuvi apitaye porini. Malale ya Afrika Mashariki huenda mbio. Pasipo tiba huweza kuua ndani ya miezi michache. Huanza kwa homa na kichwa kuuma, pengine kidonda mahali alipoumwa na mbung'o. Vimelea vikifika ubongoni, mgonjwa huchanganyikiwa na usingizi wake huvurugika, hata ndugu wakadhani amerogwa.

Kipimo cha haraka cha malaria hakioni tripanosoma. Homa ikiendelea baada ya dawa ya malaria, au kipimo kikiwa hasi, mtoa huduma amuulize mgonjwa alikokuwa wiki zilizopita, kisha damu itazamwe kwa hadubini. Mgonjwa naye aitaje safari yake ya porini bila kungoja kuulizwa, hata kama alikwenda bila kibali. Mtabibu hatafuti kosa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza fexinidazole, dawa ya kumeza, kwa aina hii pia, kwa wenye umri wa miaka sita na zaidi wenye uzito usiopungua kilo 20. Humezwa pamoja na chakula, mbele ya mhudumu.